Finjani Juu ya Mashine ya Fundi Twalib

Tangu niweke mtaimbo chini, simu yangu haijapumzika. Mashine imekwama mlangoni Tononoka, mwanipigia. Bomba limepinda Mbaraki, mwanipigia. Juzi mmoja wenu, simtaji ila anajijua, aliniuliza kama jeki huwekwa upande wa kichwa cha mashine au upande wa mkia, na nyuma yake nasikia watu wanahema. Maana yake alikuwa amekwisha kuiinua ndipo akakumbuka kuuliza. Kwa hiyo nimeona heri niandike. Mkikwama, someni, mniache nilale baada ya adhuhuri kama wastaafu wengine.

Vyeo nitaviruka. Sijapata kuona mashine iliyosogea kwa sababu aliyeisukuma ana cheo.

Nilianza kazi katika karakana moja ya Mbaraki iliyokuwa ikitengeneza vipuri vya meli. Nilifika na kifua na mabega, akili nimeiacha nyumbani. Siku ya kwanza walikuwa wanahamisha mashine ya kukereza, ile inayozungusha chuma huku kisu kikikimega, kutoka pembe moja ya karakana hadi nyingine. Mwendo wenyewe ulikuwa hatua kumi. Mashine ilikuwa nzito kuliko gari dogo, nami nilitaka nionekane. Nikajitemea mate viganjani, nikaiegemea kwa bega na shavu.

Aliyekuwa akiisimamia kazi ni Fundi Twalib, mwenye mashine hiyo. Sisemi mwenye kwa maana ya kuimiliki. Yeye ndiye aliyeitumia kila siku, na hakumwamini mtu mwingine kuigusa. Alikuwa mfupi, mkavu, kofia yake ya kushonwa kwa mkono haikupata doa la grisi hata siku moja, na ovaroli yake ilipigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Akanijia karibu.

"Mwanangu, waitwani?"

"Athumani."

"Athumani, mbona waikumbatia? Mwajuana?"

Gengi zima likacheka, na mimi nikaondoa shavu. Kisha Fundi akatoa mfukoni leso ya pua, akaikunjua, ndani yake mna finjani, kile kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono. Akakijaza maji mpaka mdomoni, akakiweka juu ya kitanda cha mashine, ule mgongo wake bapa. Akaniambia sheria mbili. Ya kwanza, maji yasimwagike. Ya pili, anayeitazama finjani ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kusema. Wengine wote wanafunga midomo, hata bomba likipita juu ya kidole cha mguu. Ukiumia, nyanyua mkono, ungoje zamu yako ya kulia.

Kazi yenyewe mnaijua. Unanyanyua kidogo kwa mtaimbo, unachomeka kabari, unatia mabomba chini ili iviringike, unasukuma, bomba linalobaki nyuma unalikimbiza mbele. Hatua zile kumi zilituchukua kutoka chai ya asubuhi mpaka adhana ya adhuhuri. Nilimwaga maji mara mbili. Adhabu ya anayemwaga ilikuwa kuwapikia wenziwe kahawa juma zima, na kwa namna nilivyosukuma siku zilizofuata, nilipika kahawa miezi miwili mfululizo. Mpaka leo mke wangu anasema hilo ndilo jambo la maana nililojifunza kazini.

Miaka ikapita, nikapewa gengi langu, na Fundi akanipa ile finjani. Alinipa bila hotuba. Alisema tu nisiivunje, kwa sababu ni ya seti.

Sasa niwasimulie aibu yangu ya Kizingo, maana najua mtaisikia kwa Ochieng wa gengi langu, naye huongeza chumvi. Daktari mmoja mstaafu alinunua mashine ya kutoboa chuma, ndefu kama mnara, aiweke kwenye banda la gari afanyie mambo yake ya kupitisha wakati. Mteja wa namna hiyo ni wa kuogopwa, kwa kuwa amesoma. Alikuwa na mchoro wa rangi tatu. Upana wa lango ulikuwamo, urefu wa dari ulikuwamo, hata mahali pa kuning'iniza kofia yake palikuwamo. Sakafu alikuwa ameitia vigae vipya vinavyong'aa. Mimi nikapima lango, nikapima dari, nikaridhika.

Chini ya vigae fundi wake wa ujenzi alikuwa amemwaga mchanga mtupu. Tulipoingiza mashine, vigae vikaanza kupasuka kimoja kimoja, na mke wa daktari amesimama na jagi la sharubati ya ukwaju, akivihesabu kwa sauti. Hakutumiminia mpaka alipomaliza kuhesabu.

Nilikwenda kumweleza Fundi Twalib nikitarajia anifariji. Alicheka mpaka akaivua kofia. Kisha akasema, "Mlango mashine yaupita mara moja, Athumani. Sakafu yaikalia umri wake wote. Weye umepima cha kupita, ukaacha cha kukaa." Tangu siku hiyo sijaingiza mashine nyumba ya mtu bila kuuliza chini ya sakafu kuna nini. Jibu huliandika daftarini. Nyinyi pia niliwafunza hivyo, na swali ni zuri. Kasoro yake niliijua katika kazi yangu ya mwisho.

Fundi Twalib alistaafu kabla yangu. Baadaye ile karakana ikafungwa, mashine zikawa zinangoja kuchukuliwa na wauza vyuma chakavu, na Fundi akafanikiwa kuiokoa ile yake. Alitaka iende nyumbani kwake, Mji wa Kale, chumba cha nyuma. Nasema kwake kwa adabu tu. Nyumba ni ya mkewe, Bi. Zuhura, mshonaji wa nguo za maharusi. Kama ilivyo desturi ya wengi kule, Fundi aliingia humo akiwa bwana harusi, akawa hakutoka tena.

Bi. Zuhura aliniita kabla ya kazi. Alisimama ngazini, leso kichwani, akanieleza hali. Tangu astaafu, mumewe alikuwa ametengeneza kila kitu kilichokuwa kizima. Saa ya ukutani sasa iligonga inapotaka. Mashine ya kusagia ilizunguka kinyume. Na cherehani ya Bi. Zuhura mwenyewe alikuwa ameifungua, akaisafisha, akaifunga, na kigurudumu kimoja kikamvunjikia mkononi. Kigurudumu cha namna hiyo hakipatikani tena dukani, na cherehani ilikuwa kimya miezi saba, maharusi wakienda kwa washonaji wengine.

"Athumani, mwanangu, fundi wako akikaa mwezi mmoja zaidi bila kazi, ataing'oa nyumba misumari. Lileteni hilo lichuma lake. Lakini nyumba hini ni ya nyanya yangu. Nikiona ufa, hata wa unywele, latoka siku iyo iyo, liende huko kwa wauza vyuma. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Bi. Zuhura."

"Weye umesikia. Huyo je?"

Fundi alikuwa akitazama boriti za dari kama mtu anayetaka kuzinunua. Akatumiminia kahawa, na hapo ndipo nilipoona. Ile mikono iliyokuwa ikijaza finjani mpaka mdomoni bila tone kuanguka ilikuwa inatetemeka, na kahawa ikaingia sinia zaidi kuliko kikombe. Nyuma ya mlango ovaroli yake ilikuwa imetundikwa, imepigwa pasi.  Roho iliniuma, nikajua nikiikosea kazi hii sitaikosea mashine peke yake.

Basi nikapima kila kitu. Nikapima kichochoro, kona, baraza za majirani, mlango na njia ya ndani. Kisha nikauliza lile swali langu, kalamu mkononi.

"Fundi, chini ya sakafu ya chumba cha nyuma kuna nini?"

"Kuna ardhi. Ulitaka kuwe na nini?"

"Una hakika?"

"Nimekaa humu miaka arubaini na kitu, Athumani."

Nikaandika: ardhi.

Siku ya kazi lori lenye kreni liliishia barabarani, kwani ndani vichochoro havipitiki. Tukaiteremsha mashine juu ya mabomba, tukaianza safari. Nilikuwa na Ochieng, jitu kubwa, pole, lililotoka kazi ya reli, na wenzetu wawili, na Fundi mwenyewe ndani ya ovaroli yake. Finjani ilikuwa juu ya kitanda cha mashine, imejaa. Mji wa Kale mnaujua: kila baraza ina watu watatu, na kila mmoja amewahi kuhamisha mashine, angalau kwa mdomo. Wa kwanza alikuwa Maalim Badi, jirani wa Fundi, anayesomesha madrasa.

"Mashaallah, Fundi Twalib. Mke wa pili mchana kweupe, na kwa mlango wa mbele?"

"Mpishe njia, Maalim," Fundi akajibu. "Ana haya."

Juu madirishani wanawake wakapiga vigelegele. Huku chini ushauri ukatunyeshea, kushoto, kulia, inueni, shusheni. Gengi langu halikugeuza hata shingo. Tulivuka vichochoro viwili vya washauri bila kumsikiliza hata mmoja, na maji hayakumwagika tone. Nilijisikia vizuri mno. Mlangoni tukazinyanyua mbao za mlango wa nakshi kutoka kwenye vichwa vyake, zile pini unazozungukia, tukazifunga kwa magodoro, na Bi. Zuhura akaitikia kwa kichwa kutoka juu, kisha akatupisha, kama ilivyo adabu nyumba ikiingia wanaume wa kazi.

Tukaupita ukumbi, tukafika chumba cha nyuma. Kichwa cha mashine, ambako ndiko kwenye uzito, kilikuwa kimeshaingia kwa hatua moja sauti ya Bi. Zuhura ilipotoka juu.

"Simameni! Athumani, msiingie hapo!"

Tulisikia sote. Hakuna aliyesimama, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa naitazama finjani, na mimi sikusema. Nilidhani ameona lipu inakwaruzwa kwenye fremu. Nikanyanyua kidole kimoja kumwonyesha Ochieng: mara moja tu, tunamaliza. Ochieng akasukuma, akaacha.

Halafu, bila mtu yeyote kuigusa mashine, maji ndani ya finjani yakainama upande mmoja, taratibu, yakamwagika.

"Simama," nikasema, na sauti ilitoka ndogo. Chini ya sakafu kulilia kitu mfano wa kitanda cha kamba akikikalia mtu mnene. Ufa mwembamba ukatoka chini ya bomba la mbele, ukakimbia mpaka ukutani, na vumbi la chokaa likapanda.

Bi. Zuhura alikuwa ameshafika ngazi ya mwisho, leso imemwenda upande.

"Hapo ni kisimani," alisema. "Kisima cha nyanya. Hapa palikuwa uwa wazi. Maji ya mfereji yalipokuja, akakilazia boriti juu, akamwaga chokaa. Nilikuwa na miaka sita. Ndoo yake nimeivuta kwa mikono yangu mwenyewe."

Tukamgeukia Fundi sote.

"Hukuniambia," akamwambia mkewe.

"Hukuniuliza, wala hukusema laenda chumba cha nyuma. Miaka yote wasema waijua nyumba hini. Nikaona nisikuvunje moyo."

Leo nacheka. Siku hiyo sikucheka. Tulileta mbao nene kutoka kwenye lori, tukazilaza kuvuka pale penye kisima ili uzito ukae pembeni kwenye ardhi ngumu, tukairudisha mashine kwa mtaimbo, inchi baada ya inchi, na hakuna aliyepumua kwa nguvu. Iliporudi ukumbini upande wa mlango, Ochieng alikaa chini sakafuni. Sijapata kumwona akikaa kazini.

Ufa ulibaki pale, na kila mtu aliuona. Fundi aliutazama kama alivyokuwa akitazama kipuri kilichokosewa kipimo, kisha akaanza kufungua vifungo vya ovaroli yake, kutoka juu.

"Athumani, mwambie dereva asiondoke."

Hakukasirika, na hilo ndilo lililonikata. Kama angenitukana ningepata pa kushika. Nikamwendea Bi. Zuhura.

"Kosa ni langu, si lake. Nilikusikia uliposema."

"Najua ulinisikia. Ulinyanyua kidole."

Akainama juu ya ufa. Akaugusa kwa kidole cha gumba, kama anavyogusa mshono wa mtu mwingine. Fundi alikuwa amefika kifungo cha tatu.

"Nilisema ufa wa nyumba," alisema Bi. Zuhura. "Hiki ni kifuniko cha kisima. Kifuniko si nyumba."

Mkono wa Fundi ukasimama.

"Nipe hicho kikombe, Athumani."

Nikampa. Akaingia jikoni, akarudi nacho kimejaa mpaka mdomoni, na hakumwaga hata tone. Mikono ya mshonaji hiyo. Akakiweka juu ya kitanda cha mashine.

"Yakaa hapa hapa ukumbini, ubavuni mwa ukuta ule. Chini ya hapa ni mwamba. Babu alitaka kuchimba kisima hapa kwanza, sururu zikamshinda."

"Ukumbini ndipo wakaapo wageni wako," Fundi akasema.

"Wageni watapanda juu. Wakiuliza, nitawaambia nina mke mwenza hapo chini, mzito, na hana maneno. Ochieng, babangu, sukuma."

Ochieng akanitazama. Mimi nikaweka kiganja juu ya mdomo wangu. Akasukuma.

Vijana wangu, nimeona wasimamizi wengi, lakini yule mama aliiongoza mashine ile kama mtu anayeongoza bibi harusi aliyevaa viatu vya kuazima. Alisema polepole mara thelathini, na ukuta wangu mara arobaini. Tulipoishusha kwenye mwamba, nikaweka pimamaji juu yake. Ilikuwa sawa kabisa, na finjani ilikuwa bado imejaa.

Kwa hiyo madaftari yenu myarekebishe. Swali ni lile lile, lakini mwulizeni aliyezaliwa ndani ya nyumba. Yule anayewafungulia mlango na kujiita bwana wa nyumba huenda ni mgeni wa siku nyingi tu, na haya haimruhusu kusema hajui. Na ile sheria ya mdomo mmoja bado naishika, ila siku hizi nauliza kwanza ni mdomo wa nani. Mimi nilichagua wangu kwa kuwa mimi ndiye niliyeitazama finjani, nikakaribia kuwazika watu wanne kisimani kwa nidhamu nzuri sana.

Finjani sikurudishiwa. Bi. Zuhura alisema ni ya seti yake, ilipotea miaka mingi iliyopita, na alikuwa akimshuku dada yake bure.

Baada ya kustaafu nilikwenda kuwatembelea. Mtaani Maalim Badi aliniuliza kama nimekuja kumwamkia bi mdogo. Nilimkuta Fundi ukumbini, ovaroli imefungwa mpaka kifungo cha juu, anakereza kitu cha shaba. Kitu cha kwanza alichokitengeneza mashine ilipowashwa kilikuwa kile kigurudumu cha cherehani. Alikirudia mara nne, aliniambia, kwa sababu mara tatu za kwanza mikono ilikataa. Sasa juu cherehani ilikuwa inakimbia, na chini mashine inanguruma, na baina ya hizo mbili mazungumzo hayawezekani, kwa hiyo nikakaa nikatazama.

Ghafla cherehani ikanyamaza. Fundi akazima yake papo hapo, akainua uso kwenye boriti. Nikataka kuuliza kuna nini, akaninyanyulia kidole.

"Bwana," sauti ikasema kutoka juu, "kahawa yapoa."

Finjani ilikuwa juu ya kitanda cha mashine, imejaa mpaka mdomoni. Akaichukua kwa mkono mmoja, akavuka nayo ukumbi mzima kuja kukaa kando yangu. Nikatazama sakafu nyuma yake. Ilikuwa kavu.